Jibu Moja Sahihi: Uhakiki wa Mtihani wa Kuchagua Majibu katika Kiswahili, kwa Kuzingatia Watahiniwa wa Port Reitz

Miongoni mwa njia zote zilizokwisha kutumiwa kupimia mafanikio ya elimu katika Afrika ya Mashariki, hakuna iliyosifiwa kwa uadilifu kama mtihani wa kuchagua majibu. Sifa hiyo inatokana na jambo moja tu, nalo ni kwamba msahihishaji hana hiari. Karatasi ya mtoto wa waziri na ya mtoto wa mchukuzi husomwa na mashine ileile, kwa ufunguo uleule, na hati mbaya haimpunguzii mtu alama wala hati nzuri haimwongezei. Lakini hiari hiyo iliyoondolewa kwa msahihishaji haikutoweka. Imehamia kwa mtungaji wa maswali, na huko inafanya kazi kabla ya mtahiniwa kushika kalamu, mahali ambapo hakuna anayeiona. Mtungaji ndiye anayeamua ni kipi kiulizwe, ni maneno gani yawekwe kama vipotoshi, na ni jibu lipi kati ya manne liitwe sahihi. Makala hii inachunguza uamuzi huo wa mwisho katika somo la Kiswahili, ambamo neno "sahihi" lina historia yenye ubishi, na inauchunguza mahali ambapo ubishi huo hauwezi kukwepwa: katika madarasa ya Port Reitz, upande wa Changamwe, Mombasa.

Asili ya mtihani wa namna hii inajulikana. Frederick J. Kelly aliutumia Kansas, Marekani, mnamo mwaka 1915 kupimia usomaji wa kimya. Jeshi la Marekani likautumia kwa askari wengi sana mwaka 1917. Na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1930 mashine za kusahihishia zilikuwa zimekwisha kuuzwa. Ni chombo kilichozaliwa na wingi wa watu. Kenya nayo iliukubali kwa sababu hiyohiyo. Mtihani wa CPE wa miaka ya 1960 na 1970 ulikabiliwa na watoto wengi na nafasi chache za shule za sekondari, na hapakuwa na njia nyingine ya kutoa matokeo kwa muda mfupi. Kiswahili hakikuwamo katika mtihani huo. Kiliingia mwaka 1985, pamoja na mfumo wa 8-4-4 na mtihani wa KCPE, baada ya Tume ya Mackay ya mwaka 1981 kupendekeza kifanywe somo la lazima. Tangu hapo hadi KCPE wa mwisho mwaka 2023, somo hilo lilipimwa kwa sehemu mbili: Lugha, yenye maswali ya kuchagua, na Insha. Kwa muda mrefu maswali ya Lugha yalikuwa 50, kila moja likiwa na majibu manne, na Insha ilikuwa na alama 40. Mtihani wa KPSEA wa Gredi ya Sita, ulioanza mwaka 2022, umeendelea kutumia maswali ya kuchagua. Kwa hiyo suala hili halikuzikwa pamoja na KCPE.

Port Reitz ni jina la hori lililo nyuma ya kisiwa cha Mombasa na la mtaa ulio juu yake. Linamkumbuka Luteni John James Reitz, afisa wa Kiingereza aliyeachwa na Kapteni Owen kuitawala Mombasa mwaka 1824 na akafa mwaka huohuo kabla ya kuitawala sana. Wenyeji wa pande hizo ni wa zamani zaidi ya jina hilo. Wachangamwe wanahesabiwa katika Thelatha Taifa, na jirani zao Wajomvu katika Tisa Taifa. Lugha yao ni Kimvita na matawi yake. Kisha ikaja bandari ya Kilindini, ukaja uwanja wa ndege, kikaja kiwanda cha kusafishia mafuta kilichofanya kazi hiyo hadi mwaka 2013, na kila kimoja kilileta watu wake. Leo darasa moja la Port Reitz, Magongo au Chaani linaweza kuwa na mtoto ambaye bibi yake hajui lugha nyingine ila Kimvita, mtoto wa Kiduruma au Kidigo, na mtoto ambaye wazazi wake walitoka Ukambani, Uluyani au Nyanza kufuata kazi, na ambaye Kiswahili chake ni kile cha mabasi na sokoni. Wote watatu hukalia dawati moja na kupewa karatasi moja.

Kanuni ya kwanza ya upimaji inasema kuwa swali ni halali likipima kile kilichokusudiwa na si kingine. Katika darasa kama hili swali moja huweza kupima mambo matatu kwa watoto watatu. Ili kuonyesha hivyo, yafuatayo ni maswali yaliyotungwa kwa ajili ya makala hii, kwa kufuata namna iliyozoeleka madarasani. Hayakunukuliwa kutoka mtihani wowote.

Chukua swali linalomtaka mtahiniwa aonyeshe maana ya neno "tembo", na majibu yake yawe "ndovu", "kifaru", "pombe ya mnazi" na "mnyama mkali". Mtungaji akiwa na ufunguo wa "ndovu" akilini, huliona swali kuwa rahisi kabisa. Lakini Mombasa mnyama huyo ni ndovu, na tembo ni kile kinachogemwa mnazini. Mtoto mwenyeji anayechagua "pombe ya mnazi" hakukosea Kiswahili. Hata kamusi za Kiswahili sanifu zinaziweka maana zote mbili. Amekosa kukisia ni maana ipi mtungaji aliifikiria. Swali lenye majibu mawili ya kweli ni kosa la ufundi linalokatazwa katika kila kitabu cha utungaji wa mitihani, lakini hapa kosa halionekani kwa sababu mtungaji hana sikio la kulisikia.

Mfano wa pili una uzito zaidi. Watahiniwa huulizwa mara kwa mara kuhusu vitawe, yaani maneno yenye maana zaidi ya moja, na neno "paa" ni mfano unaopendwa: sehemu ya juu ya nyumba, na mnyama wa porini. Kwa msemaji wa Kimvita haya ni maneno mawili, si moja. La mnyama hutamkwa kwa mpumuo na la nyumba hutamkwa bila mpumuo, na tofauti hiyo huwa wazi masikioni mwake kama ilivyo wazi tofauti ya "pata" na "bata". Alfabeti iliyokubaliwa haikuitilia maanani. Vivyo hivyo haikutilia maanani tofauti ya "t" ya meno na "t" ya ufizi, ambayo Kimvita huihifadhi. Basi mtoto anayesema kwamba "paa" si neno moja lenye maana mbili anaijua fonolojia ya lugha yake kuliko swali linavyoijua. Swali limepima tahajia na kuiita msamiati. Inaweza kujibiwa kuwa mtihani ni wa maandishi na katika maandishi maneno hayo ni sawa. Hiyo ni kweli, na ndiyo sababu swali hilo lingepaswa kuuliza kuhusu maandishi waziwazi, badala ya kudai kuwa linauliza kuhusu maneno.

Lipo pia kundi la maswali ya akisami, malipo, makundi ya vitu, vikembe na mengine ya jinsi hiyo, ambayo kwa miaka mingi yaliugeuza ufundishaji wa msamiati kuwa ukariri wa orodha. Mtahiniwa huulizwa sehemu moja ya nane huitwaje, na hupewa humusi, subui, thumni na ushuri. Sasa thumni, au sumni kama inavyotamkwa na wengi, ilikuwa jina la senti hamsini mikononi mwa wazee wa Mombasa. Mwanamke wa Port Reitz aliyenunulia samaki sarafu hiyo alilijua neno kwa maisha yake yote, na huenda angelikosa swali hili. Mwanafunzi wa mbali ambaye hajapata kulisikia neno hilo kinywani mwa mtu yeyote, ila ameikariri orodha usiku wa kuamkia mtihani, atalipata. Kama mtihani wa lugha unampa alama asiyelitumia neno na kumnyima alitumiaye, basi ni haki kuuliza unapima mafanikio gani.

Hata hivyo, haitakuwa sawa kudhani kwamba mwenyeji wa pwani huonewa kila mahali. Vipotoshi vizuri hutungwa kutokana na makosa ambayo wanafunzi huyafanya kweli, na makosa yaliyo mengi nchini ni ya wanafunzi wa bara: "kitabu yangu", "mtu mkubwa amenunua viti kubwa", na kadhalika. Mtoto wa Magongo aliyekulia katika lugha hupita juu ya vipotoshi hivyo bila kufikiri. Kwake yeye maswali ya upatanisho wa kisarufi hayapimi kujifunza kokote, kwa maana alikuwa akiyajua kabla ya kuingia shuleni. Faida anayoipata hapa na hasara anayoipata kule hazifutani. Kwanza, hakuna aliyewahi kupanga zilingane; na pili, alama inayotokana na mchanganyiko huo haimwambii mwalimu lolote la kumsaidia mtoto. Inasemwa mara nyingi kwamba watoto wa pwani "hawakijui Kiswahili cha shule", na matokeo hutolewa kama ushahidi. Matokeo hayawezi kuwa ushahidi wa jambo hilo mpaka uhalali wa maswali yenyewe uchunguzwe upya miongoni mwa watoto hao.

Hapa ndipo takwimu za kawaida zinapodanganya, na jambo hili linastahili kuelezwa kwa utulivu kwa kuwa wengi huamini kwamba uchambuzi wa maswali umekwisha kulishughulikia. Desturi ni kukokotoa vipimo viwili kwa kila swali. Cha kwanza ni kiwango cha ugumu, yaani sehemu ya watahiniwa waliolipata. Cha pili ni uwezo wa kutofautisha, unaopatikana kwa kulinganisha kundi la waliofanya vizuri katika mtihani mzima na kundi la waliofanya vibaya. Kwa kawaida huchukuliwa asilimia 27 kutoka kila upande. Swali ambalo wazuri hulipata na wabovu hulikosa huhesabiwa kuwa jema. Sasa na ichukuliwe kwamba kuna watahiniwa 100,000, na kati yao 1,000 ni wasemaji wa Kimvita. Swali fulani linapatwa na asilimia 60 ya wengine wote, lakini lahaja inawapotosha hawa 1,000 kiasi kwamba asilimia 20 tu ndio wanaolipata. Jumla ya waliolipata itakuwa 59,400 na 200, yaani 59,600. Kiwango cha ugumu kitasomeka 0.596 badala ya 0.600. Hakuna mchambuzi atakayeishtukia tofauti hiyo. Uwezo wa kutofautisha nao utabaki ulivyo. Swali litapitishwa, litahifadhiwa katika hazina ya maswali, na huenda likatumiwa tena kwa sababu "lilifanya vizuri". Kadiri watahiniwa wanavyozidi kuwa wengi, na mwaka 2023 walizidi milioni 1.4, ndivyo kundi dogo linavyozama.

Kwa mtoto mmoja hesabu ni nyingine kabisa. Akipotezwa na maswali manne ya namna hii katika 50, na alama zikichukuliwa kutoka 90 na kugeuzwa moja kwa moja kuwa asilimia, amepungukiwa alama nne na zaidi. Katika mtihani uliompangia mtoto shule ya sekondari kwa jumla ya alama 500, wengi waliachwa nje ya shule waliyoitamani kwa upungufu mdogo kuliko huo. Ikumbukwe pia kwamba mwenye kubahatisha tu katika maswali 50 yenye majibu manne hutazamiwa kupata 12 au 13 bila kusoma. Mwenye kipotoshi kinachomvuta kwa nguvu ya lugha yake, hata bahati hiyo hanayo: asiyejua kitu ana nafasi moja katika nne, naye ajuaye kitu ambacho mtungaji hakijui ana nafasi pungufu ya hiyo.

Dawa ya kitakwimu ipo. Badala ya kuwalinganisha wasemaji wa Kimvita na watahiniwa wote kwa jumla, huchukuliwa wale waliopata jumla inayolingana, tuseme wote waliopata 30 katika 50, kisha huulizwa kama katika swali hili moja makundi mawili yamepishana. Watu wenye uwezo sawa wakipishana katika swali moja tu, kasoro iko katika swali. Hesabu ya Mantel na Haenszel ya mwaka 1959, iliyobuniwa kwa ajili ya tiba, imetumiwa kwa mitihani tangu miaka ya 1980, na haihitaji mashine kubwa. Kinachohitajika ni kujua mtahiniwa anasema lugha gani nyumbani. Wala wazo la kuyatazama maswali kwa makundi si geni nchini. Katika miaka ya 1970, H.C.A. Somerset alichunguza maswali ya CPE na kuonyesha jinsi mengi yalivyopima ukariri na kuwapendelea watoto wa mazingira fulani. Maswali yakarekebishwa na walimu wakapelekewa taarifa zilizowaeleza wanafunzi wao walikosea wapi na kwa nini. Kazi ile ilihusu mji na shamba, Kiingereza na hesabu. Kiswahili kilipokuja mwaka 1985, labda kwa kudhaniwa kuwa ni lugha ya wote, lahaja hazikupewa uzito wa namna ile.

Upo upande wa pili wa hoja, na watetezi wa mtihani huu wana la kusema. Insha, ambayo wahakiki wengi huitaja kama mbadala, haimlindi mwenyeji. Mwalimu wa kusahihisha akikutana na "mato" kwa "macho", "ndia" kwa "njia" au "yuwaenda" kwa "anaenda", kalamu nyekundu haikawii. Angalau katika swali la kuchagua hakuna anayemjua mtahiniwa kwa lafudhi ya maandishi yake. Zaidi ya hayo, maswali 50 hugusa sehemu nyingi za lugha kuliko insha moja, na kwa hiyo alama zake ni thabiti zaidi. Tena, nchi inahitaji Kiswahili sanifu, na hakuna mtu makini anayetaka mitihani ya taifa iandikwe kwa lahaja kumi na tano. Hayo yote yanakubalika. Ubishi wa makala hii ni mwembamba kuliko hapo: kumfundisha mtoto usanifu ni jambo moja, na kuliita kosa la ujinga jambo ambalo ni ujuzi wa lugha nyingine jirani ni jambo lingine. Swali linaloandika "katika Kiswahili sanifu" mbele ya shina lake limekwisha kumtendea haki mtoto wa Port Reitz, kwa maneno matatu tu.

Ajabu ya kihistoria haikosekani. Mkutano uliopendekeza Kiunguja kiwe msingi wa usanifishaji ulifanyika Mombasa penyewe mwaka 1928, na Kamati ya Lugha iliyotekeleza pendekezo hilo ikaundwa mwaka 1930. Shihabuddin Chiraghdin, mwana wa Mombasa, alishirikiana na Mathias Mnyampala katika Historia ya Kiswahili iliyotoka mwaka 1977, na malalamiko ya wataalamu wa pwani kuhusu namna usanifishaji ulivyofanywa yanafahamika vyema na wasomaji wa kurasa hizi. Abdilatif Abdalla aliandika Sauti ya Dhiki kwa Kimvita. Kitabu hicho kilitoka mwaka 1973 na mwaka 1974 kikapewa Tuzo ya Jomo Kenyatta. Mwanafunzi wa sekondari akikutana na maumbo ya Kimvita katika shairi hufunzwa kuyaita matumizi ya lahaja, na huyahesabu chini ya uhuru wa mshairi. Miaka minne kabla ya hapo, katika shule ya msingi, maumbo hayohayo yalikuwa makosa. Hakuna mtaala ulioeleza ni siku gani kosa liligeuka kuwa uhuru.

Lililo zito kuliko yote, pengine, ni kile ambacho maswali ya kuchagua hayakigusi kabisa. Kiswahili cha Port Reitz ni lugha ya kusema: ya kupatana bei, ya kumpa pole mfiwa, ya kumjibu mzee bila kumvunjia heshima. KCPE haukuwa na karatasi ya kuzungumza. Mtoto anayeweza kusimulia kisa kwa nusu saa na wenzake wakanyamaza kumsikiliza hakupata alama hata moja kwa uwezo huo, na mwalimu anayefundisha kwa ajili ya mtihani hakuwa na sababu ya kuukuza. Tathmini za shuleni zilizoletwa na mtaala wa umilisi zimefungua mlango hapa, kwa kuwa mwalimu anaweza kumsikiliza mwanafunzi wake na kuandika alichosikia. Lakini tathmini hizo zinamrudishia mwalimu hiari ileile ambayo mashine ilibuniwa kuiondoa, na mwalimu huyo huenda naye alifunzwa kuwa "yuwaenda" ni kosa.

Kwa maswali yatakayoendelea kutungwa, hatua moja haina gharama kubwa. Kabla swali halijaingia katika hazina, lijaribiwe kwa wanafunzi wachache wa Port Reitz, Jomvu, Likoni na Kisauni, wala wasiachwe wachague tu na kwenda zao, bali waulizwe mmoja mmoja: kwa nini umechagua hili? Takwimu za watoto ishirini hazina maana, lakini maneno yao yanayo. Mtoto mmoja akisema kwamba tembo ni kile anachogema babu yake, mtungaji amekwisha kupata asichoweza kukipata katika karatasi milioni moja zilizopita mashineni.